Jinsi ya Kukokotoa Idadi ya Wauguzi Wanaohitajika Kituoni: Mwongozo Kamili wa Ombi la Watumishi Lisilorudishwa

Maombi ya watumishi yanayotoka kwenye zahanati na vituo vya afya vya Dar es Salaam yanafanana sana. "Kituo kina upungufu mkubwa wa watumishi, wagonjwa ni wengi, tunaomba tuongezewe." Majibu nayo yanafanana: ombi limepokelewa, subirini kibali cha ajira. Mwaka unaofuata barua ile ile inabadilishwa tarehe na kupelekwa tena.

Kinachokosekana ni hesabu. Malalamiko yenu ni ya kweli, lakini ya kituo cha jirani ni ya kweli pia, na anayegawa watumishi wachache hawezi kupima malalamiko kwa malalamiko.

Wengine hujaribu hesabu na kukosea mahali pa kuanzia. Kosa la kwanza ni kutumia idadi ya watu wa kata. Sensa ya 2022 iliuhesabu mkoa wa Dar es Salaam kuwa na watu 5,383,728, lakini mtu anayelala Chanika anaweza kutibiwa Buguruni kwa sababu ndiko anakofanya biashara. Kata haikwambii nani atapanga foleni mlangoni kwako.

Kosa la pili ni kunakili ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa kwa kila aina ya kituo, peke yake. Ikama ya Wizara ya Afya ya 2014–2019 iliweka watumishi 15 hadi 20 kwa zahanati na 39 hadi 52 kwa kituo cha afya. Ni dira nzuri, ila inaiweka zahanati ya Mbagala sawa na zahanati ya kijiji chenye kaya mia mbili.

Hapa tunatumia njia ya WISN ya Shirika la Afya Duniani, inayokokotoa watumishi kutokana na kazi inayofanyika kweli. Mfano wetu ni wodi ya wazazi ya kituo cha afya cha kubuni, tukiite Kituo K. Namba zake zimetungwa ili uone hesabu inavyokwenda. Zako zitoe kwenye rejesta zako.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Rejesta za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) za miezi 12 kamili: Kitabu cha 5 kwa wagonjwa wa nje, cha 6 kwa wajawazito, cha 12 na cha 13 kwa wazazi, na nyingine kulingana na kada unayoikokotoa.
- Taarifa za mwezi zilizoingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, kwa miezi hiyo hiyo.
- Orodha ya watumishi ya kituo pamoja na ratiba za zamu za miezi mitatu ya karibuni.
- Daftari la likizo na ruhusa.
- Kalenda ya sikukuu, saa yenye mshale wa sekunde, na kompyuta yenye Excel. Kikokotoo na karatasi pia vinatosha.
- Watumishi watatu hadi watano wazoefu wa kada husika, kwa nusu siku.

Usikokotoe kada zote kwa mkupuo. Anza na moja inayoelemewa zaidi, uimalize, kisha uende nyingine. Wanaoanza na kada saba kwa pamoja huishia kwenye jedwali lenye mashimo.

## Hatua ya 1: Tafuta saa ambazo mtumishi mmoja anapatikana kazini kwa mwaka

Wiki 52 mara siku 5 ni siku 260. Kutoka hapo unatoa siku ambazo mtumishi hayupo kwa sababu halali.

Kwa wauguzi wakunga wa Kituo K:

- Likizo ya mwaka: 20
- Sikukuu zinazoangukia siku za kazi: 14
- Ugonjwa, wastani wa mtu mmoja: 4
- Mafunzo na semina: 6
- Misiba na ruhusa nyingine: 2
- Likizo ya uzazi, wastani wa mtu mmoja: 10

Jumla 56. Zinabaki siku 204, mara saa 8, unapata saa 1,632 kwa mwaka.

Kuna mitego miwili hapa. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo ndani yake, kwa hiyo siku za kazi zinazopotea ni 20. Ukitoa 28 kwenye 260 umempunguzia kila mtumishi saa 64, na Afisa Utumishi ataliona kosa hilo kabla hajamaliza kikombe cha chai.

Mtego wa pili ni likizo ya uzazi. Ni siku 84, yaani siku 60 za kazi. Kama kati ya wauguzi 12 wawili walijifungua mwaka huo, zimepotea siku 120. Gawa kwa 12, kila mmoja anabeba 10. Kada hii imejaa wanawake wa umri wa kuzaa, hivyo kuiacha likizo hiyo nje ni kujidanganya.

Anayefanya zamu za usiku naye ana mkataba wa saa 40 kwa wiki, kwa hiyo tumia saa zile zile. Usimtengenezee mwaka wake.

Namba yako ikiwa kati ya saa 1,500 na 1,750, uko kwenye njia. Ikivuka 1,900, kuna likizo umeisahau.

## Hatua ya 2: Gawa kazi katika mafungu matatu

Fungu la kwanza ni huduma zenye takwimu, zinazofanywa na kada nzima: kuzalisha, kuhudumia mama na mtoto baada ya kujifungua, kusindikiza rufaa.

Fungu la pili ni kazi za kila mtu zisizo na takwimu: makabidhiano ya zamu, kujaza rejesta, kutakasa vifaa, vikao.

Fungu la tatu ni kazi za baadhi ya watu tu: msimamizi wa wodi anayepanga zamu na kuagiza dawa, wanaoelekeza wanafunzi wa uuguzi.

Kila kazi ikae kwenye fungu moja. Kama muda wa kuzalisha unaouweka tayari una kujaza chati ya uchungu, usije kuihesabu tena chini ya "kujaza rejesta". Kuhesabu mara mbili ndiko kunakofanya ombi litoke na watumishi 22 na kuchekwa.

Usivunjevunje kazi mno. Huduma nne au tano kubwa hubeba sehemu kubwa ya muda wa wodi. Kupima presha hakuhitaji mstari wake.

## Hatua ya 3: Weka muda wa kila huduma

Hapa ndipo pagumu. Unatafuta dakika ambazo mtumishi mwenye ujuzi wa kawaida, kwa vifaa vilivyopo kituoni, anazihitaji kufanya kazi hiyo kwa ubora unaokubalika. Si dakika anazotumia leo akiwa amezidiwa.

Ukigawa saa za tabibu kwa wagonjwa aliowaona utapata labda dakika nne kwa mgonjwa. Ukiingiza nne hizo kwenye hesabu, majibu yatakuwa kwamba matabibu wanatosha. Lazima yawe hivyo, kwa sababu umeufanya msongamano kuwa kipimo.

Fanya hivi:

1. Kila mmoja wa wale wazoefu aandike makadirio yake peke yake, bila kujadiliana. Mkianza na mjadala, wote watamfuata mkubwa.
2. Linganisheni. Tofauti ikiwa ndogo, chukueni ya katikati. Ikiwa kubwa, ulizaneni kila mmoja amehesabu kitu gani ndani yake.
3. Pima kwa saa matukio 10 hadi 20 ya kweli, zamu ya asubuhi na ya usiku, kisha linganisha na makadirio.

Kwa Kituo K walikubaliana:

- Kumpokea mama, kumfuatilia kwenye uchungu, kumzalisha na uangalizi wa karibu baada ya kondo la nyuma kutoka: saa 5 za mkunga. Uchungu unaweza kuchukua saa 12, lakini mkunga mmoja anafuatilia zaidi ya mama mmoja. Hesabu muda wa mkunga, usihesabu muda wa mama.
- Mama na mtoto hadi ruhusa: saa 1.5.
- Rufaa kwa gari la wagonjwa: saa 3, kwenda na kurudi.

Hizo tatu za rufaa mara nyingi hupingwa mezani. Zitetee kwa daftari la gari la wagonjwa. Mkunga anapanda na mama, anakaa kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa au Mandela, anamkabidhi hospitali ya rufaa, anasubiri kitanda na machela virudishwe, kisha anarudi. Muda wa kutoka na wa kurudi umeandikwa na dereva. Nakili safari 20 ukokotoe wastani.

## Hatua ya 4: Safisha takwimu kabla ya kuzitumia

Chukua miezi miwili yoyote. Hesabu kwa mkono kutoka kwenye rejesta, kisha linganisha na DHIS2. Tofauti ikizidi asilimia 10, hesabu mwaka mzima kutoka kwenye rejesta. Ni kazi ya siku mbili, lakini usiikwepe. Mtu akifungua mfumo ofisini na kukuta namba isiyofanana na yako bila maelezo, ombi limeishia hapo.

Linganisha pia rejesta kwa rejesta. Watoto waliozaliwa hai katika Kitabu cha 12 wasipishane sana na chanjo za BCG walizopewa kabla ya kuruhusiwa. Kwa wagonjwa wa nje, linganisha Kitabu cha 5 na GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kuhudumia wagonjwa, kama kituo chako kinautumia.

Kama kuna mwezi huduma ilisimama, tuseme wodi ilikuwa inakarabatiwa, uandike pembeni. Usijaze namba ya kubuni.

Kituo K kilibaki na: waliojifungua 2,400, rufaa 180.

## Hatua ya 5: Piga hesabu

Kila huduma: idadi ya mwaka, mara muda wake, gawa kwa 1,632.

- Kujifungua: 2,400 × 5 = saa 12,000. Gawa kwa 1,632 = 7.35
- Baada ya kujifungua: 2,400 × 1.5 = saa 3,600 = 2.21
- Rufaa: 180 × 3 = saa 540 = 0.33

Jumla ya fungu la kwanza: wakunga 9.89.

Fungu la pili linageuzwa kuwa asilimia ya muda wa kazi:

- Makabidhiano, dakika 30 kwa siku: 6.25%
- Rejesta na mafaili, dakika 40 kwa siku: 8.33%
- Kutakasa vifaa, dakika 30 kwa siku: 6.25%
- Vikao, saa 2 kwa mwezi, yaani 24 kwa mwaka: 1.47%

Jumla 22.3%. Usizidishe 9.89 kwa 1.223. Asilimia hiyo imetoka kwenye siku nzima ya mtumishi, kwa hiyo kinachobaki kwa huduma ni 77.7%. Gawa 1 kwa 0.777, unapata 1.287. Anayezidisha kwa 1.223 anajipunja zaidi ya nusu mtu, na kosa hili ni la kawaida mno.

Fungu la tatu linahesabiwa kwa saa za mwaka:

- Msimamizi wa wodi, saa 6 kwa wiki, wiki 52: 312
- Waelekezi wawili, saa 3 kwa wiki kila mmoja, wiki 30: 180

Jumla 492, gawa kwa 1,632 = 0.30.

Sasa unganisha: 9.89 × 1.287 = 12.73, jumlisha 0.30 = 13.03. Wanahitajika wakunga 13.

Kuhusu desimali: namba zikiwa kubwa, 13.03 ni 13. Zikiwa ndogo uwe mwangalifu. Mteknolojia wa maabara akitoka 1.3, andika 2, kwa sababu mtu mmoja hawezi kubeba theluthi ya mwenzake kila siku ya mwaka.

## Hatua ya 6: Jaribu kama zamu zinafungika

WISN hupima wingi wa kazi. Haijui kwamba wodi ya wazazi haifungwi usiku. Kwenye kituo chenye wazazi wachache inaweza kukupa wakunga wanne, na wanne hawawezi kufunga mzunguko wa zamu.

Kumweka mtu mmoja wodini saa 24 kwa siku 365 ni saa 8,760. Gawa kwa 1,632: watu 5.4. Kuweka wawili wakati wote ni saa 17,520, yaani 10.7, sawa na watu 11.

Kwa nini wawili? Kwa sababu mmoja akipanda gari la wagonjwa saa nane usiku, mwingine lazima abaki na mama walioko kwenye uchungu. Huo ndio usalama wa chini kabisa wa wodi inayozalisha, na ningeuweka kwenye barua hata kama hakuna aliyeuliza.

Chukua namba kubwa kati ya mbili. Kituo K: 13 kwa kazi, 11 kwa zamu, shika 13.

## Hatua ya 7: Hesabu waliopo kweli

Orodha ya mishahara ya Kituo K ina wakunga 12. Mmoja yuko masomoni, mwingine ameazimwa ofisi ya manispaa tangu mwaka juzi. Waliopo ni 10.

Usimtoe aliye likizo ya uzazi. Umeshamhesabu katika Hatua ya 1.

Wanaojitolea na wanaolipwa na miradi waandike kwenye safu yao. Ukiwachanganya na waajiriwa, upungufu unapotea kwenye karatasi na mradi ukifungwa unabaki mikono mitupu. Ukiwaficha, timu ya usimamizi itawakuta siku ya ukaguzi.

Sasa namba mbili za mwisho:

- Pengo: 10 − 13 = −3
- Uwiano: 10 ÷ 13 = 0.77

Uwiano wa 1 maana yake wanatosha. Chini ya hapo kazi imewazidi. Juu ya hapo kuna ziada, nayo iseme kama ilivyo. Pengo linaonyesha watu wangapi waletwe, uwiano unaonyesha nani anaumia zaidi. Kituo kinachokosa wawili kati ya wanne kiko 0.50, kinachokosa wanne kati ya ishirini kiko 0.80. Cha kwanza kina hali mbaya zaidi ingawa pengo lake ni dogo.

Angalia pia hili: watu 10 wanatoa saa 16,320, na wawili muda wote wanataka saa 17,520. Kwa hiyo kuna usiku ambapo mkunga yuko peke yake, au watu wanafanya kazi saa zisizo zao. Fungua ratiba ya zamu, zihesabu hizo usiku, uziweke kwenye barua.

## Hatua ya 8: Punguza pengo kabla ya kuomba

Mganga Mkuu wa Manispaa atauliza kwanza: ninyi wenyewe mmefanya nini? Uwe na jibu.

Mfano: mtunza kumbukumbu wa mkataba, analipwa kwa mapato ya ndani ya kituo, anachukua nusu ya kazi ya rejesta. Dakika 40 zinakuwa 20, asilimia 8.33 inakuwa 4.17. Fungu la pili linashuka hadi 18.1%, kizidishi kinakuwa 1.22 badala ya 1.287, na mahitaji yanashuka hadi wakunga 12.4. Mtumishi asiyehitaji miaka ya chuo cha uuguzi ameokoa zaidi ya nusu ya mkunga. Kutakasa vifaa kunaweza kwenda kwa mhudumu wa afya vivyo hivyo, akifundishwa na kusimamiwa.

Usihamishe kazi za kitabibu kwa asiyeruhusiwa kuzifanya ili tu namba ipendeze. Mhudumu wa afya hazalishi.

Baada ya hapo angalia ndani ya manispaa. Ukipata uwiano wa vituo vyote vya manispaa yako, unaweza kukuta wauguzi wamerundikana kwenye vituo vilivyo karibu na barabara kuu, huku vya pembezoni vikiwa chini ya 0.6. Uhamisho wa ndani na kumrudisha aliyeazimwa havisubiri kibali cha ajira mpya.

## Hatua ya 9: Andika ombi na ulipeleke kwa wakati

Ukurasa mmoja, jedwali likiwa nyuma kama kiambatisho. Kiini kiwe hivi:

> Kati ya Julai na Juni wodi yetu ilihudumia kina mama 2,400 waliojifungua na rufaa 180. Kwa hesabu ya WISN (kiambatisho), wanahitajika wakunga 13. Waliopo kazini ni 10, uwiano 0.77. Kwa idadi hiyo haiwezekani kuwa na wakunga wawili kila zamu. Kituo kimechukua hatua ya kuajiri mtunza kumbukumbu kwa mkataba, hivyo mahitaji yameshuka hadi 12. Tunaomba: (1) mkunga aliyeazimwa arejeshwe, (2) ikama ya mwaka ujao itengewe nafasi 1 ya mkunga.

Ombi hilo linakubalika kwa sababu linaomba kidogo na linaonyesha kila namba imetoka wapi. Lipitishe kwanza kwenye Kamati ya Usimamizi ya Kituo ili muhtasari wa kikao uambatane nalo.

Njia yake ni Mganga Mfawidhi (mkuu wa kituo), Mganga Mkuu wa Manispaa au wa Jiji, kisha Mkurugenzi kupitia idara ya utawala na rasilimali watu, ili iingie kwenye ikama na bajeti ya mishahara inayopelekwa TAMISEMI na Utumishi. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na Bunge la Bajeti linaanza Aprili. Ukipeleka Aprili umechelewa. Namba ziwe mezani kwa Mganga Mkuu kabla Desemba haijaisha, jambo linalomaanisha kupima muda Septemba na kusafisha takwimu Oktoba.

Umefaulu ukipigiwa simu kuulizwa "hii saa 1.5 mmeipataje?" Maana yake mtu amesoma jedwali. Weka karatasi za makadirio na nakala ya daftari la gari la wagonjwa kwenye faili moja, ili aliye zamu siku hiyo aweze kujibu hata Mganga Mfawidhi akiwa hayupo.

Watumishi wapya wakifika, rudia Hatua ya 4 hadi ya 7 baada ya miezi sita. Huduma ikitengemaa, kina mama waliokuwa wakipita mlangoni kwenda kujifungulia hospitali ya rufaa huanza kubaki kwako, na 2,400 inaweza isiwe 2,400 tena.